Mashuka Nyuma ya Kabati

Katika miaka ishirini na mitatu hakuwahi kupokea Meza ya Bwana akiwa na kinyongo na mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na aliishika kama alivyoushika mkasi wake wa kukatia vitambaa, ambao hakumwazima mtu yeyote. Kanisani kwao walishiriki Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Kwa hiyo Jumamosi iliyotangulia, akishafua na kuanika, alivaa gauni lake la kijivu, akafunga kitambaa kichwani, akatoka kwenda kuwasamehe watu.

Alikwenda mlango kwa mlango. Alibisha hodi, akakaribishwa, akakataa kuketi, akasema aliyokuja kusema akiwa wima: "Nimekuja kukwambia kwamba nimekusamehe." Mara nyingi mwenye nyumba hakujua hata amekosa nini. Muuza mkaa mmoja wa jirani aliambiwa amesamehewa kwa kutoitikia salamu sokoni.

"Mama, siku ile nilikuwa naumwa jino. Shavu limevimba hivi! Sikuwa na mdomo wa kumsalimia hata mke wangu."

"Yote nimeyasamehe," alijibu, akaenda zake.

Muuza mkaa alibaki mlangoni, amesamehewa, na hamu ya kumkosea kweli kweli ikimpanda kichwani.

Hospitalini alikofanya kazi, wauguzi walimpachika jina la Mama Msamaha. "Wewe mwezi huu umesamehewa?" waliulizana wakichukua mashuka. "Bado, zamu yangu haijafika." Alilisikia jina hilo, na badala ya kusikia kejeli iliyokuwa ndani yake, alilipokea kama nishani.

Neno la Yesu alilojengea kanuni hiyo alilijua kwa moyo. Ukiwa umeleta sadaka yako, na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana jambo juu yako, iache sadaka pale pale, nenda kwanza ukapatane naye. Alilisoma kila mwezi. Lakini neno hilo linamtuma mtu kwa yule ambaye yeye mwenyewe amemkosea, na yeye alikwenda kwa wale aliodhani wamemkosea. Katika miaka yote hiyo hakukumbuka hata mara moja kwamba yupo mtu mwenye jambo juu yake. Msamaha wa kutoa alikuwa nao tele. Wa kuomba hakuwahi kuubeba.

Chumba cha kushonea kilikuwa mwisho wa korido, ukuta mmoja na chumba cha kufulia, hivyo kilinuka mvuke na sabuni mchana kutwa. Kulikuwa na cherehani tatu za miguu, meza ndefu ya kukatia, na kabati la mbao lililofika karibu na dari. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba hicho. Walipinda mashuka mapya, walitia viraka yaliyochanika, walishonea upya kamba za gauni za wagonjwa, ambazo wagonjwa hawakosi kuzikata. Shuka jipya halikuingia wodini kabla ya kupindwa na kugongwa muhuri wa hospitali kwenye pembe. Shuka lisilo na muhuri halina mwenyewe. Likishavuka geti, ni la yeyote anayelitandika.

Katika chumba cha kufulia alikuwamo mdogo wake. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka kumi na saba na huyu mdogo akiwa na mitano, na tangu siku hiyo alimbeba mgongoni, akamsuka, akamsomesha kadiri alivyoweza, na mwishoni akamtafutia kazi hapo hapo hospitalini. Kila Jumatatu asubuhi, uani, dada hao wawili walisimama pande mbili za meza ya zege. Mdogo alipanga mashuka yaliyofuliwa, akaita, "Kumi!" Mkubwa aliandika. "Kumi tena, dada, amka!" "Niko macho kuliko wewe." Watu walipenda kuwasikiliza. Mdogo alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikua akilala zamu kwa zamu katika nyumba zote mbili. Mama yake alimwita mama, na huyu akamwita mama mkubwa, na ukimsikia akiita usingejua ni yupi aliyemzaa.

Miaka saba iliyopita, wiki ya wakaguzi, lilipotea bunda la mashuka kumi na mawili, mapya, yasiyopindwa wala kugongwa muhuri. Ufunguo wa chumba cha kushonea ulikuwa na mwenzake mmoja tu, na huo ulitundikwa chumba cha kufulia, chini ya uangalizi wa mdogo mtu. Jumatatu matroni alikuja uani, akauliza mbele ya wafuaji, wauguzi na mlinzi wa geti: mashuka yako wapi?

Mama Msamaha alijibu bila kupandisha sauti. "Ufunguo wangu haujatoka shingoni mwangu. Wa pili anao mdogo wangu. Siwezi kumficha mtu kwa sababu tumenyonya ziwa moja."

"Dada! Unasema nini?"

"Nasema ninachokijua."

"Unajua nini? Uliniona nikiyabeba?"

Matroni aliinua mkono, akamnyamazisha. Kisha akawageukia wote waliosimama pale. "Mmesikia? Huyu ndiye mwanamke wa haki. Amemtaja hata wa tumbo moja."

Mdogo mtu alivua aproni yake, akaikunja mara nne kama inavyokunjwa nguo safi, akaiweka juu ya rundo, akatoka. Mlinzi alimpekua mkoba getini. Hakukuwa na kitu ila kanga na chanuo.

Baada ya siku ile kila mmoja alipata jina lake. Mkubwa alipata la mwenye haki: mchungaji alikitaja kisa chake mimbarani, bila kuwataja wenyewe, ingawa kila mtu aligeuza shingo kumtazama, na mwaka uliofuata akachaguliwa mzee wa kanisa. Mdogo alipata la Mama Shuka. Akawa anafua nguo za watu majumbani. Alipomaliza, mwenye nyumba alisimama chini ya kamba akazihesabu nguo moja moja mbele yake, hadi soksi.

Jumamosi moja, mwezi wa pili tangu afukuzwe, dada yake alimfuata akiwa na gauni la kijivu. Alimkuta ameinama kwenye beseni, povu limefika viwikoni.

"Nimekusamehe yale ya mashuka," alimwambia.

Mdogo mtu hakuinua kichwa. Alisuuza shati, akalikamua, akalikung'uta, akalianika. Mkubwa aliuona ukimya huo kuwa ni toba, akarudi nyumbani moyo mweupe. Tangu hapo walisalimiana misibani na harusini, salamu za mkono mmoja. Binti tu ndiye aliyeendelea kuja kwa mama mkubwa siku za likizo, na hakuna aliyemkataza.

Mwaka huu, zikiwa zimebaki wiki chache Mama Msamaha astaafu, hospitali iliamua kupaka chumba cha kushonea rangi. Alhamisi moja aliletwa seremala wa hospitali kusogeza kabati. Seremala huyu alikuwa mtu wa maneno mengi na njiti ya kiberiti mdomoni. Alikaza bega, akasukuma, kabati likalia, kitu kikaanguka nyuma yake, pu!

"Mama, kabati lako lilikuwa na mimba."

"Lilikuwa na nini?"

"Mimba. Njoo uone, limejifungua."

Lilikuwa bunda la mashuka, limegeuka rangi ya vumbi, utando wa buibui juu yake. Lilifungwa kwa ukanda wa kitambaa cha kijani, fundo la vitanzi viwili na ncha zilizochomekwa ndani. Kila bunda lililowahi kutoka kwenye chumba kile lilifungwa fundo hilo, na kwa mkono mmoja tu.

Aliikumbuka ile siku yote kwa mara moja, kama mtu anayefunguliwa dirisha usoni. Wakaguzi walikuwa wanakuja kesho yake. Mashuka kumi na mawili hayakuwa yamepindwa, na aliona aibu kukutwa na kazi ya nyuma. Alipanda kwenye kiti, akalitupa bunda juu ya kabati, akalisukuma kwa mpini wa fagio hadi lisionekane. Wakaguzi walipoondoka alitazama juu ya kabati, hakuliona, akaamini limeibwa; kumbe lilikuwa limetumbukia nyuma, kati ya mbao na ukuta. Hakukuwa na mwizi. Hakuwahi kuwapo.

Seremala alikuwa ameshachuchumaa, anahesabu kwa kidole. "Kumi na mawili. Mama, si ndiyo yale? Yaliyomfukuzisha Mama Shuka?"

"Yale yalikuwa mengine."

"Mengine yapi, na fundo hili ni lako?"

"Wewe umeitwa kusogeza kabati."

"Nasogeza, mama, nasogeza. Mimi ni mtu wa mbao tu."

Ijumaa aliwapa ruhusa wasaidizi wake wawili waondoke mapema kwa sababu ya harufu ya rangi. Alibaki peke yake na mashuka yale, aliyoyafua na kuyapiga pasi mwenyewe. Aliyatandaza mezani, akachukua mkasi. Katika maisha yake hakuwahi kukata shuka zima. Kila shuka lilitoa foronya nne. Alizishona kwa mishono iliyonyooka, akazigonga muhuri, na jua lilipoanza kushuka zilikuwa arobaini na nane, zimepangwa kabatini. Wagonjwa wana shida ya foronya siku zote, alijiambia. Hakuna aliyedhulumiwa hapa.

Lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi ile ya mwezi. Akiwa anavaa gauni la kijivu, lile neno alilolisoma miaka yote likamgeukia. Ndugu yako ana jambo juu yako. Aliketi kitandani kifungo kimoja kikiwa hakijafungwa. Halafu akasimama, akakifunga, akaenda. Hilo tumpe: alikwenda.

Mdogo wake alikuwa na chumba kimoja cha kupanga, kitanda nyuma ya pazia, majiko mawili chini ya dirisha. Ukutani, kwenye msumari, ilitundikwa sare nyeupe ya uuguzi, imepigwa pasi, imefunikwa gazeti isishike vumbi.

"Hodi."

"Karibu, dada. Leo nimekosa nini?"

"Usinikejeli."

"Sikukejeli. Ni Jumamosi, na umevaa hilo gauni. Keti."

Akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi katika ziara za namna hiyo. Mdogo mtu alikuwa anakunja nguo za watu. Vidole vyake vimepasuka kando ya kucha kwa sabuni.

"Hiyo sare ni ya binti?"

"Jumatatu anaanza kazi pale pale kwenu. Kazi ya kuuguza anaijua, haiogopi. Anaogopa geti. Mlinzi ni yule yule."

"Mungu atamtangulia."

"Atamtangulia, ndiyo. Sema ulilokuja nalo."

Mama Msamaha aliweka mikono magotini. "Nimekuja tusameheane."

"Tusameheane." Mdogo mtu alilirudia neno hilo polepole, shati mkononi. "Mimi nikusamehe nini, dada?"

"Yote. Kuna mambo yamepita kati yetu."

"Mambo gani?"

"Sisi sote ni binadamu."

"Nimekuuliza mambo gani. Wewe ukienda kwa watu hutaja kosa kwa jina lake. Muuza mkaa ulimtajia salamu. Mimi ulinitajia mashuka. Leo taja."

Maneno yenyewe yalikuwa machache: nilikusingizia, mashuka nilikuwa nayo mimi. Yalifika kooni. Lakini nyuma yake alimwona matroni ameinua mkono uani, akamwona mchungaji mimbarani, akaziona shingo zile zikigeuka tena kumtazama, safari hii kwa namna nyingine. Zilikuwa zimebaki wiki mbili aagwe.

"Huenda siku ile nilikuwa mkali mno," alisema.

"Hukuwa mkali. Ulisema kwa upole kabisa. Ungenipigia kelele ningejua dada yangu amekasirika, na hasira hupita." Alilikunja shati. "Sikiliza. Sitaki unipigie magoti. Kazi sitaki, mikono yenyewe imeshakwisha. Nataka kitu kimoja. Jumatatu asubuhi, uani, wakati wa kuhesabu, uyachukue yale mashuka uyaweke kwenye meza ya zege, useme yalikuwa nyuma ya kabati lako. Basi. Mbele ya walewale. Binti yangu atakuwapo."

"Haiwezekani. Nimeshayakata."

Lilimtoka kabla hajalishika. Mdogo mtu aliliweka shati juu ya rundo.

"Seremala alipita hapa Alhamisi, akitoka kazini," alisema. "Alinieleza yote. Nilitaka nilisikie kwako. Tangu juzi nazunguka humu ndani namwambia Mungu, akilisema mwenyewe tu, kwa mdomo wake, nitamwangukia shingoni, na sitamuuliza kitu. Umeyakata ukafanya nini?"

"Foronya."

"Foronya!" Alicheka kicheko kifupi kisichofika machoni. "Miaka saba ya maisha yangu, watu wataiwekea vichwa."

"Nipe wiki mbili. Niagwe kwanza, kisha nitasema."

"Ukishaagwa utamwambia nani? Ukuta? Mashuka umekata, dada, mdomo hujaukata. Jumatatu bado unaweza."

"Na kesho je? Kesho ni Meza ya Bwana. Nitaendaje mezani hujanisamehe?"

Mdogo mtu alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta sura aliyoizoea. "Kumbe ndicho kilichokuleta," alisema. Alichukua beseni tupu, akaliweka kiunoni. "Nipishe nikaanue nguo za watu. Watakuja kuzihesabu."

Kesho yake alishiriki. Alijiambia, nilikwenda, yeye ndiye aliyekataa. Alipokea mkate, akapokea kikombe, akarudi kwenye kiti chake cha mbele, mikono imekunjwa. Mchungaji hakuona tofauti yoyote, wala yeye mwenyewe hakutaka kuiona.

Jumatatu alisimama uani na daftari lake. Binti aliingia getini saa moja na nusu, sare inang'aa.

"Wewe ndiye mtoto wa Mama Shuka?" mlinzi aliuliza kwa sauti ya kuchangamka. "Haya pita, pita. Ila wakati wa kutoka mkoba tutautazama, eh?"

Wafuaji wawili walicheka. Binti alisimama, akatazama meza ya zege, akamtazama mama yake mkubwa. Hakuita. Alingoja. Hapo palikuwa na hatua kama kumi na tano kati yao, na kila mtu aliyepaswa kusikia alikuwapo.

"Kumi!" aliita mfuaji.

Mama Msamaha aliinamisha kichwa, akaandika kumi.

Wiki mbili baadaye walimuaga katika ukumbi wa kulia chakula, viti vimepangwa duara. Matroni alisema mengi, na mwishoni akasema lile alilokuwa akilisema kila mwaka: kwamba huyu ni mwanamke ambaye kweli ilikuwa na thamani kwake kuliko damu. Watu walipiga makofi. Seremala, aliyekaa nyuma, alitazama dari, njiti ikihama upande huu wa mdomo hadi ule. Binti alisimama karibu na mlango na kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

Akapewa nafasi ya kusema. Aliinuka. Pakawa kimya, kimya kizuri cha watu wanaompenda mtu, na katika kimya hicho angeweza kusema lolote nao wangemsikiliza mpaka mwisho.

"Kama yupo aliyenikosea katika miaka yote hii," alisema, "nimemsamehe."

Ukumbi ulicheka kwa mapenzi. "Mama Msamaha huyo!" mtu alipaza sauti. Binti aliweka kikombe kwenye meza iliyo karibu naye, akatoka nje, na mlango ukajifunga polepole nyuma yake.

Jumamosi ya mwezi uliofuata alikwenda tena kwa mdogo wake. Alikuta pazia jingine na mpangaji mwingine. Alipouliza wamehamia wapi, mpangaji alisema hawakuacha maelekezo. Muuza mkaa aliwaona wakipakia vitu, akasema hajui; na hata kama alijua, hakuwa na sababu ya kumwambia.

Alimwona binti mara moja zaidi. Macho yalianza kumsumbua, akaenda hospitalini kama mgonjwa mwingine yeyote, akapanga foleni. Kwenye dirisha la kuandikishia siku hiyo aliketi muuguzi kijana, sare nyeupe, kalamu mkononi. Alipomfikia, muuguzi aliinua macho, akayashusha tena kwenye karatasi.

"Karibu, mama. Jina lako?"

"Mwanangu, ni mimi."

"Jina lako, mama. Wapo wengine nyuma yako."

Akalitaja. Likaandikwa kwa herufi safi, akapewa karatasi yake, akaelekezwa benchi la kungojea.

Msamaha aliowagawia watu kwa miaka ishirini na mitatu haukumgharimu kitu. Ule mmoja ambao hakuuomba ulimgharimu mdogo wake aliyemlea mgongoni, na mtoto pekee duniani aliyemwita mama mkubwa. Hakuwapata tena.